Kwadi mpya na milima ya Mbeya: injini naizoeshaje nikiwa safarini na wenzangu?

Mdau wa Uyole

Habari za leo, wakuu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa pikipiki za magurudumu manne. Nimepokea kwadi mpya iliyopakiwa kwenye lori kutoka Dar es Salaam. Ina injini ya cc 400 yenye kabureta, inaendeshwa kwa mkanda badala ya gia za kukanyaga, na magurudumu yote manne yanavuta. Mpaka sasa nimeizungusha uani tu.

Marafiki zangu watatu, ambao kwadi zao zimekwisha kuzoea kazi, wamepanga twende Jumamosi ijayo kutoka Uyole hadi Isyonje, tukunje kuelekea Kitulo, kisha tushuke kwa Matamba mpaka Chimala. Kitabu cha mtengenezaji kinaniambia nisivuke nusu ya resi kwa saa 10 za mwanzo, wala robo tatu mpaka zitimie saa 20. Nina wasiwasi kwamba kwa nusu ya resi nitaachwa mbali kwenye vile vilima. Mwenzetu mmoja anasema niende polepole mwanzo hadi mwisho. Mwingine anasema injini ikibembelezwa inakuwa mvivu maisha yake yote, kwa hiyo niipige tangu siku ya kwanza. Je, njia hiyo ya Kitulo inafaa kwa chombo kipya, na nikague nini kabla ya kuondoka?

Fundi wa Soweto

Mdau, hongera kwa chombo. Nitaanza na njia kabla ya injini, kwa sababu naona shida yako haiko kwenye nusu ya resi, iko kwenye mlima wenyewe. Kitabu kinapotaja nusu ya resi hakikupi ruhusa ya kukaa hapo saa nzima mfululizo. Kinachokusudiwa ni kwamba injini isibebeshwe mzigo mmoja kwa mwendo mmoja kwa muda mrefu, wakati ringi za pistoni bado hazijakaa sawasawa kwenye ukuta wa silinda. Ukuta ule huchorwa kiwandani mistari midogo inayokatizana, na ringi mpya husugua vilele vya mistari hiyo mpaka visawazike. Msuguano huo huzaa joto, na joto likizidi oili hupoteza nguvu ya kutenganisha chuma na chuma, kisha silinda huchubuka. Mlima mrefu unaopandwa taratibu, resi ikiwa imeshikiliwa pale pale na upepo wa kupoza ukiwa mdogo, ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa injini ya siku ya kwanza.

Kuna suala la mwinuko pia, ambalo kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya dunia nzima hakiwezi kukufafanulia kwa kina. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi, na uwanda wa Kitulo unafika mita 2,600, maana yake ukiwa kule juu karibu robo ya nguvu uliyonunua haipo. Kidole gumba kitaendelea kusukuma resi bila wewe kutambua, kwa kuwa wenzako wanazidi kwenda. Tena, kama kabureta yako ilirekebishwa kwa hewa ya pwani, huku kwetu itamimina petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Fungua plagi baada ya mzunguko mfupi uitazame: ikiwa nyeusi yenye masizi makavu yanayobaki kidoleni, mchanganyiko umezidi petroli. Petroli hiyo ya ziada huosha oili kwenye ukuta wa silinda katika kipindi hiki ambacho ringi zinaihitaji sana. Fundi anayejua kazi atakuwekea jeti kuu, yaani kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, iliyo ndogo kidogo. Lakini ukiwekewa jeti ya Kitulo kisha ukateremka hadi Chimala siku hiyo hiyo, utakuwa na mchanganyiko uliopungua petroli kwenye joto la bonde la Usangu, na injini itachemka kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Kwa mtu mwenye kabureta, mzunguko mnaoupanga una mwinuko mkubwa mno kwa jeti moja.

Ningekushauri uanzie upande wa Mbalizi na Utengule, kwenye njia za vumbi zinazopanda na kushuka kwa vipande vifupi. Panda kilima kwa resi ya wastani, ishushe, acha kwadi ivutwe na mwendo wake unaposhuka, kisha ongeza tena. Unapoachia resi, ringi hupata oili, na unapoongeza, moshi wa mwako huzisukuma zikae ukutani, kwa hiyo zote mbili zinahitajika. Baada ya nusu saa au zaidi kidogo, zima ipoe kabisa, kisha endelea. Usiiwashe na kuiacha ingurume peke yake robo saa nzima kwa kisingizio cha kuipasha moto. Dakika moja au mbili zinatosha, halafu ondoka taratibu.

Mwendo wa Vumbi

Kwa heshima zote, Fundi, nadhani tunawaogopesha watu kupita kiasi. Injini za siku hizi hutoka kiwandani zikiwa zimesawazishwa kwa ufundi ambao baba zetu hawakuwa nao, na vilele unavyovitaja vingi hukatwa kabla injini haijafungwa. Ninachokijua ni kwamba ringi hukazwa na shinikizo la mwako linalopita nyuma yake na kuzisukuma nje. Ukiendesha kwa huruma, shinikizo hilo halitoshi, ukuta wa silinda unang'aa kabla ringi hazijakaa, na kuanzia hapo injini inakula oili mpaka siku utakayoiuza. Nimeona kwadi za mashambani zilizopelekwa polepole na wazee waangalifu sana, na moshi wa buluu ukawa haukauki. Mdau asiogope kuifungua. Ikishapata moto vizuri, aipe resi ya nguvu kwa sekunde chache, aiachie, arudie tena, na hayo yaishe mapema kabla mistari ya silinda haijafutika.

Fundi wa Soweto

Tunatofautiana kidogo kuliko inavyoonekana. Mzigo unahitajika, na ndiyo maana nimempeleka kwenye vilima vifupi na si kwenye barabara tambarare. Sekunde chache za resi nzuri injini ikiwa na moto sitazipinga, mradi zifuatwe na kuachia. Ninachokataa ni resi nzima, na ninakataa zaidi kwamba sekunde hizo zitabaki sekunde mtu akiwa na marafiki watatu mbele yake. Isitoshe, kinachozoeshwa si injini peke yake. Mkanda mpya nao unahitaji muda wa kukaa kwenye puli, na ukiuunguza sehemu moja siku ya kwanza kwa kuondoka kwa pupa huku umebeba mzigo, utabaki na bonde dogo litakalokutikisa kila unapoanza kuondoka. Pedi za breki vilevile: hazijashika uso wote wa diski, na ukizipeleka kwenye kona za mteremko wa Matamba zikiwa mpya, zitapata joto na kung'aa, breki ziwe ngumu zisizoshika. Kwadi nyingi za mkanda hazizuiliwi na injini kwenye mteremko kama pikipiki ya gia inavyozuiliwa, ila zile zilizowekewa mfumo huo. Ukweli ni kwamba katika safari ile mteremko unanitia hofu kuliko mpando.

Dada wa Mafinga

Wadau wamelimaliza la injini, nami niongeze la msafara, kwa sababu sisi huku Mufindi tunaendesha kwa makundi na ndipo vyombo vipya vinapoharibikia. Mwenye kwadi mpya asiwe wa mwisho. Wa mwisho hula vumbi la wote, na kila anapoachwa hukimbiza ili asipoteze kona. Mwekeni wa pili, nyuma ya kiongozi anayejua kwamba kazi ya siku hiyo ni kumpa mgeni mwendo wa kupanda na kushuka. Kila njia panda, aliye mbele asubiri mpaka amwone aliye nyuma yake, kisha wote waendelee. Mkifanya hivyo hakuna mwenye sababu ya kukimbiza. Wenzako wakikataa utaratibu huo, basi hao wana safari yao na wewe una yako.

Kwa vumbi la msimu huu, fungua filta ya hewa kila jioni. Udongo wa upande wa Uyole na Isyonje una majivu ya volkano ya zamani, ni laini mno, na hupita kwenye filta ya sponji iliyokauka. Sponji hiyo ioshwe, ikaushwe, ipakwe oili yake na kukamuliwa, na ukingo wake ukae sawasawa kwenye fremu. Ukipangusa kwa kitambaa cheupe ndani ya bomba baada ya filta na kitambaa kikatoka na rangi ya udongo, usiondoke.

Matairi nayo yanasahaulika. Kwadi nyingi hutembelea upepo wa psi 5 hadi 7 tu, na geji za kawaida za mafundi wa matairi hazisomi vizuri huko chini. Kijana wa panchari akikujazia 30 kama gari dogo, chombo kitadunda kwenye mawe mpaka mikono ife ganzi, na utailaumu shokapu. Nunua geji ndogo ya upepo mdogo, uibebe. Na tafadhali, msipakiane mishkaki; kama kwadi imetengenezwa kwa mtu mmoja, mtu wa pili huharibu usawa wake kwenye mlima, ikapinduka kinyumenyume.

Mkulima wa Isyonje

Ndugu zangu, karibuni kwetu, lakini niseme machache. Mashamba ya viazi na pareto yana njia katikati zinazoonekana kama za umma na si za umma. Piteni kwenye barabara za kijiji, na mkitaka kuingia ndani zaidi mpitie kwanza ofisi ya kijiji. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, iko chini ya TANAPA, na nyasi zile ndimo maua yanamoota, kwa hiyo msiache barabara mkakata uwandani. Ulizeni langoni utaratibu wa vyombo vyenu kabla hamjapoteza petroli. Ziwa Ngozi nako hufikiwa kwa njia ya miguu ndani ya msitu, msije na kwadi.

Mdau wa Uyole

Nawashukuru sana nyote. Nimezungumza na wenzangu, nao wamekubali Jumamosi hii tuzunguke Mbalizi na Utengule. Kitulo tumekuahirisha mpaka nitakapokuwa nimebadilisha oili ya kwanza, na tutarudi kwa njia ile ile ya Isyonje bila kushuka Chimala. Plagi nimeifungua jana jioni na kweli ni nyeusi tii. Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza, oili ya kwanza niibadilishe lini hasa, na niweke ipi? La pili, uani niliivusha kwenye dimbwi lililofika nusu ya gurudumu, na baadaye injini ikawa inanguruma lakini kwadi haiondoki vizuri, ikitoa harufu ya mpira. Je, mkanda umekwisha?

Fundi wa Soweto

Kuhusu oili, kitabu chako ndicho mwamuzi, kwa kuwa watengenezaji hawalingani: wapo wanaohesabu kwa saa, wapo wanaotaja kilomita, na wapo wanaohesabu kipindi cha kuzoesha kwa matangi mawili ya petroli. Mimi sijawahi kumshauri mtu achelewe kuliko saa 20. Imwage ikiwa na moto kidogo, ili itoke na uchafu wake, kisha utazame kizibo cha chini. Vingi vina sumaku. Ute wa kijivu unaopakazika kati ya vidole ni wa kawaida kwa injini mpya, lakini vipande vinavyochoma kidole si vya kawaida, na ukiviona usiiwashe tena kabla hatujafungua. Badilisha na filta ya oili wakati huo huo. Unene wa oili ufuate kitabu, na kwenye kopo utafute alama ya JASO MA au MA2, kwa sababu kama klachi yako inaogelea ndani ya oili ya injini, baadhi ya oili za magari zitaifanya iteleze. Baada ya mzunguko wa kwanza kabisa, hata kabla ya oili, pitisha spana kwenye nati za magurudumu, ekseli na mikono ya usukani. Nati za chombo kipya hulegea zinapokaa, na nyingi hukazwa upya mara moja tu kisha zikatulia.

Mkanda haujaisha, uliingiwa na maji. Maji yakifika kwenye puli, mkanda huteleza juu yake, na ukizidisha resi ndipo unapoungua. Chini ya kifuniko cha mkanda kuna kizibo kidogo cha mpira. Kifungue, maji yatoke. Kisha weka gia ya katikati, isiyoendesha, na uongeze resi kidogo kidogo kwa dakika chache, ili puli zizunguke na kukausha zilichobaki nacho. Ukimaliza, jaribu kuondoka kwa gia ya chini kabisa. Ikiondoka bila kusitasita, rudisha kizibo na uendelee. Ikiteleza tena bila kupita majini, lete nifungue kifuniko tuutazame mkanda kingoni. Ukiwa unang'aa upande mmoja tunaweza kuusugua kwa msasa laini, lakini ukiwa na nyuzi zilizochomoza, tafuta mwingine kabla ya Jumamosi.