Naombeni ushauri: simu ikiita moyo unakwenda mbio, na sasa hata shambani siendi

Mpeleka Mzigo (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nipo Isongole, Rungwe, hii barabara ya kutoka Uyole kwenda Tukuyu. Kazi yangu ni kununua viazi mashambani, kufungasha na kupeleka Dar. Nina na shamba langu mwenyewe, si kubwa.

Msimu uliopita nilikopa ili nikamilishe mzigo wa gari zima. Gari likafika mteremko wa Kitonga kule Iringa, malori yalikuwa yamegongana yakaziba njia, foleni ikalala pale. Viazi vilivunwa kwenye mvua, havikuwa vya kungoja. Vilipofika Dar vingi vimeshaanza kutoa maji. Mnunuzi akachagua alivyovitaka, vilivyobaki vikamwagwa. Nilichorudi nacho kililipa nauli ya gari, mkopo ukabaki. Ni ile mikopo ya marejesho kila wiki.

Ninachokuja nacho hapa si deni peke yake. Kila usiku, kwenye saa nane hivi, naamka moyo unapiga kama nimekimbizwa. Kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, nahisi sitafika asubuhi. Baridi ya huku mnaijua, lakini shuka linaloa jasho. Mchana simu ikiita tumbo linakata, hata anayepiga akiwa mdogo wangu. Nimeiweka kimya. Jumbe zimejaa, sizifungui.

Shamba nalo limenishinda. Viazi vinataka kupaliliwa na kupandishiwa udongo, najua kabisa vikichelewa nini kinatokea. Nachukua jembe, nakaa kwenye benchi nje, jua linapanda, narudisha jembe ndani. Kabla ya haya nilikuwa mtu wa kutoka nyumbani gizani.

Mke wangu deni analijua, tuliamua pamoja. Kinachonipata usiku hakijui. Jioni nimeanza kunywa kidogo ili nipate usingizi. Nalala haraka kweli, ila saa ile ile macho yanafunguka.

Baba mdogo anasema kuna mtu amenifunga, twende kwa mganga wa kienyeji. Mimi sijui. Huu ni ugonjwa? Na mtu anaanzia wapi?

Kijana wa Soweto

Pole sana kaka. Mimi nipo mjini Mbeya, nauza nguo Mwanjelwa. Biashara inapanda na kushuka, wote tumepita humo. Usikae ndani. Amka saa kumi na moja, ingia shambani, choka, utalala. Mawazo yanamkuta mtu aliyekaa.

Binti wa Ilula

Kamwene mleta uzi, pole. Kijana wa Soweto, najua unamtakia mema, lakini soma tena alichoandika. Jembe analo mkononi. Kinachogoma ni kunyanyuka. Ukimwambia mtu wa hali hiyo achape kazi siku nzima, ataona hata hilo limemshinda, na kesho hatatoka kabisa.

Mimi ni mwalimu. Baada ya kufiwa na mama nilifika mahali pa kushindwa kusahihisha daftari. Zinakaa mezani, naziangalia. Aliyenisaidia ni mwalimu mwenzangu wa zamu. Alikuja, akakaa pembeni yangu, akasema tusahihishe daftari tano tu kisha tunywe chai. Tano, si darasa zima. Zikiisha tunafunga, hata kama naona naweza kuendelea. Kesho yake saa ile ile, tano tena. Nilikuwa nasubiri hamu irudi ndipo nifanye kazi, kumbe hamu inafuata nyuma ya kazi.

Kaka, kesho palilia mistari miwili ya viazi. Miwili, halafu rudi nyumbani. Mwombe mtu mwende naye, maana peke yako benchi litakushika. Na uende saa ile ile kila siku, usijiulize kwanza unajisikiaje.

Muuguzi wa Tukuyu

Kaka, nakujibu kwa urefu kwa sababu watu wengi huku wanakuja kwetu na hadithi hii hii wakiwa wamechelewa.

Unayoeleza yanafanana sana na shambulio la hofu. Mwili una njia yake ya kujihami: ubongo ukiona hatari, homoni ya adrenalini inamwagika, moyo unakimbia, misuli inakaza, jasho linatoka. Ni matayarisho ya kukimbia au kupigana. Shida ni kwamba umelala kitandani na hakuna cha kukimbia. Unaanza kuvuta hewa nyingi haraka haraka, na hiyo ndiyo inayoleta ganzi ya vidole. Kwa kawaida hali hupanda mpaka kileleni ndani ya dakika kama 10, kisha hushuka yenyewe. Inatisha sana, lakini hofu yenyewe haisimamishi moyo.

Pamoja na hayo, usijitibu kwa maneno yangu. Nenda ukapimwe. Presha, wingi wa damu, sukari, na tezi ya shingo. Hiyo ya mwisho nasisitiza. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizosumbuliwa sana na rovu, ule uvimbe wa shingoni, kwa kukosa madini joto (ayodini), na tezi ikifanya kazi kupita kiasi inaleta mapigo ya mbio, jasho, kukonda na kukosa usingizi. Wapo waliohesabiwa kuwa wana mawazo tu, kumbe tezi. Na maumivu ya kifua yakija ukiwa unapanda mlima au umebeba mzigo, yakaenda mkononi au kwenye taya, au ukizimia, usingoje kesho.

Pombe iache, hasa ya jioni. Inakulaza, lakini ikianza kuisha mwilini usiku wa manane usingizi unakatika na moyo unakwenda mbio. Saa nane yako sehemu yake inatoka huko. Kama umekuwa unakunywa nyingi kila siku usikate ghafla peke yako, mwambie daktari akuongoze. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu na kahawa navyo viweke kando kwa sasa.

Ikikushika usiku, keti, weka nyayo sakafuni. Vuta hewa taratibu kwa pua, itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta. Usihangaike kuifukuza hofu, iache ipande na ishuke huku unatoa pumzi. Usingizi ukikataa, toka kitandani, kaa jikoni karibu na moto mpaka macho yawe mazito. Ukijilazimisha kulala pale pale, kitanda chenyewe kinageuka mahali pa kuogopea.

Na sasa swali, nakuuliza waziwazi kwa sababu linaulizwa waziwazi: umewahi kuwaza kujiua, au kuona afadhali usiamke? Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Jibu lolote utakalotoa, dawa za kupulizia viazi zitoke nyumbani leo. Mpe ndugu au jirani azifungie. Mkulima aliyezidiwa na mawazo hapaswi kulala nyumba moja na sumu.

Kwa huko uliko, hospitali ya Igogwe ni karibu, ya Makandana pia. Ikihitajika watakuandikia uende Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, wana madaktari wa afya ya akili. Hofu na sonona (huzuni nzito isiyoondoka) vinatibika, kwa mazungumzo na pengine kwa dawa. Ukipewa dawa za sonona, jua zinachukua wiki 2 hadi 4 kabla hujaona nafuu ya kweli, usiziache wiki ya kwanza ukasema hazifanyi kazi.

Dereva Mstaafu

Mdogo wangu, Kitonga imenitia hofu na mimi, kwa namna nyingine. Nilishuhudia ajali mbele yangu kabisa. Baada ya pale nikawa nikifika Ilula mikono inatetemeka kwenye usukani. Nikaanza kukwepa safari, nasema naumwa mgongo. Kila safari niliyokwepa, nyuma yake nikapata ahueni siku moja, halafu hofu ikawa kubwa kuliko jana yake. Hilo ndilo ambalo simu yako inakufanyia. Kuiweka kimya kunakupoza leo na kuilisha hofu ya kesho.

Nilirudi kwa hatua. Kwanza nilikaa kiti cha abiria, rafiki yangu anaendesha, mchana. Tukarudia mpaka nikachoka kuogopa. Halafu nikaendesha mwenyewe gari tupu, yeye yupo pembeni. Mzigo ukaja mwisho. Mwinuko ule hushukwi kwa kukanyaga breki njia nzima, zitachemka. Unaweka gia nzito tangu juu na kukubali mwendo wa pole. Na hofu nilijifunza kuishuka hivyo.

Simu yako: kesho iwashe sauti nusu saa, mkeo amekaa hapo. Keshokutwa pokea moja, ya mdogo wako. Baadaye fungua jumbe tatu za zamani kabisa. Ya mkopeshaji usianze nayo, lakini usiifanye ya mwaka ujao.

Mama Kikoba

Mimi nizungumzie pesa, maana pumzi utavuta vizuri na marejesho ya Jumatatu bado yapo.

Chukua karatasi moja, wewe na mkeo. Andikeni kila mnachodaiwa: nani, kiasi gani, lini, ameshikilia nini. Vitu hivyo vikiwa kichwani vinaonekana havina mwisho. Vikiwa kwenye karatasi, hata vikiwa vingi, vina mstari wa chini. Kisha wewe ndiye umpigie mkopeshaji, usingoje akupigie. Mwambie mzigo umeharibika, utalipa, lakini kwa kiasi hiki kwa mwezi mpaka mavuno. Uende na shahidi, mkikubaliana iandikwe. Wengi wanapenda kulipwa kidogo kuliko kukimbiwa.

Muulize leseni yake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayekopesha kibiashara awe na leseni. Wakianza kutuma picha yako na jina lako kwenye magrupu, hifadhi ushahidi, ipo na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Na ninakusihi, usikope kwa kausha damu, hawa wakopeshaji wa riba kubwa, wa pili ili umlipe wa kwanza. Kwenye kikundi chetu nimeona wanawake walioanza na deni moja wakaishia na manne kwa njia hiyo hiyo.

Kijana wa Soweto

Binti wa Ilula, nimekuelewa. Mama Kikoba, vipi ile mikopo ya halmashauri, inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yao? Haina riba.

Mama Kikoba

Haina riba, ni kweli, na inapita kwenye vikundi: wanawake asilimia 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Ila ni ya kuendeshea mradi wa kikundi. Kaka huyu akiichukua azibe deni lake, anawabebesha na wenzake. Akishapona na kusimama, afikirie. Sasa hivi hapana.

Mtu wa Njombe

Kuhusu baba mdogo, usigombane naye. Anakupenda, na ametafuta jibu analolijua. Mwambie utakwenda hospitali kwanza. Kama ni mtu wa ibada, omba na uombewe, haipingani na kipimo. Lakini usitoe pesa wala mnyama kwa anayekuahidi kumtaja aliyekufunga. Utatoka pale na deni jingine na jirani wa kumchukia.

Niongeze jambo. Huko Harare, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kusikiliza watu wenye mawazo. Bibi anasikiliza yote, kisha anamwomba mtu achague tatizo moja tu, na watafute pamoja hatua moja anayoiweza wiki hiyo. Ilipimwa kwa utafiti, matokeo yakatoka 2016, waliopita kwenye benchi walipata nafuu zaidi ya waliopata huduma ya kawaida. Kaka, sisi tuna akina bibi wengi Nyanda za Juu. Tafuta mmoja mwenye kifua.

Mpeleka Mzigo

Ndaga fijo, asanteni sana wote. Nimesoma kila jibu zaidi ya mara moja.

Muuguzi, nakujibu waziwazi pia. Zipo asubuhi niliona afadhali nisingeamka. Kupanga, sijapanga. Dawa za viazi jana ile ile nilimpelekea kaka yangu, amezifungia stoo kwake.

Mke wangu nimemwambia. Akasema alikuwa anajua simo sawa, alikuwa anaogopa kuniuliza. Tumeandika ile karatasi. Mistari miwili tumepalilia, yeye na mimi, na simu ilikuwa na sauti, ikaita, alikuwa mdogo wangu kweli. Mkopeshaji bado. Kaka yangu amekubali kuwa shahidi, tutakwenda pamoja nikishatoka hospitali.

Nakwenda Igogwe Jumatatu. Nina swali: nisile kabla ya vipimo? Na nikipewa dawa, pikipiki naweza kuendesha?

Muuguzi wa Tukuyu

Umefanya jambo kubwa kusema hayo. Yaseme vilevile kwa daktari, hayo ya asubuhi hasa, usiyapunguze. Mawazo yale yakirudi kwa nguvu kabla ya Jumatatu usisubiri, nenda usiku huo huo, na mkeo asikuache peke yako.

Kula kama kawaida usiku, asubuhi nenda bila kunywa chai, kama watataka kupima sukari ya kabla ya kula. Beba chakula ule baada ya kutoa damu. Pikipiki muulize anayekuandikia dawa, baadhi zinaleta usingizi siku za mwanzo. Jumatatu panda gari, na mkeo aende nawe hadi ndani kwa daktari.