Mrejesho: Siagi yangu ya karanga

Wapendwa, mwezi uliopita niliuliza nifanyeje baada ya mteja kutangaza kwenye grupu la mtaa kwamba siagi yangu ya karanga imechacha. Mlinishauri nisibishane. Nilimfuata nyumbani, nikamwomba radhi, nikamrudishia hela yake. Kesho yake akaandika mwenyewe kwamba tumeyamaliza. Nililia.

Sasa nachambua karanga punje kwa punje. Zilizosinyaa au zenye ukungu natupa, maana sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiishi kwa kukaanga. Lebo ina tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Jina nimelisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, wananielekeza njia ya kupata alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango.

Wateja watatu wa zamani wamerudi. Yule mama aliyelalamika naye kaagiza makopo mawili. Asanteni sana.