Mjadala: Mbunge wa Vanuatu akihama chama, kiti chake ni cha nani?

Mleta mada

Ndugu zangu, naomba tujadili jambo lililoamuliwa mbali na kwetu, katika visiwa vya Vanuatu, kusini magharibi mwa Bahari ya Pasifiki. Tarehe 29 Mei 2024 wananchi wa huko walipiga kura ya maoni, ya kwanza tangu taifa lao lipate uhuru mwaka 1980 kutoka kwa Uingereza na Ufaransa, zilizokuwa zikilitawala kwa ubia. Waliulizwa kama katiba yao iongezwe ibara mbili. Ibara ya 17A inasema kwamba mbunge akijiuzulu katika chama kilichomdhamini, au akifukuzwa na chama hicho, anapoteza kiti. Ibara ya 17B inamtaka mbunge aliyeshinda kama mgombea binafsi, au aliye peke yake bungeni kwa tiketi ya chama chake, ajiunge na chama kingine ndani ya miezi mitatu, la sivyo naye kiti kinamponyoka. Zote mbili zilipita.

Wanaozitetea wana haki ya kukasirika, na mimi nakasirika pamoja nao. Bunge la Vanuatu lina viti 52. Mwaka 2023 ulipoanza, Waziri Mkuu alikuwa Ishmael Kalsakau. Mwezi Agosti ililetwa hoja ya kutokuwa na imani naye, ikapata kura 26, na Spika akatamka kwamba hoja imeanguka kwa kuwa zilihitajika kura 27. Nchi nzima ikabaki ikibishania kura moja. Shauri likaenda mahakamani, mahakama ikasema kura 26 zinatosha, na tarehe 4 Septemba bunge likamchagua Sato Kilman. Huyo naye aliondolewa kabla ya kutimiza siku 40, kwani tarehe 6 Oktoba kiti kilikwenda kwa Charlot Salwai. Haya yalitokea katika mwaka uleule ambao mwezi Machi vimbunga viwili, Judy na Kevin, vilivipiga visiwa hivyo vikifuatana kwa siku chache tu. Mfikirieni mama wa kijijini ambaye paa lake limeezuliwa: ombi lake la mabati analipeleka kwa waziri gani, wakati kila akiuliza jina la waziri linakuwa jingine?

Pamoja na hayo, msimamo wangu ni huu. Naiunga mkono ibara ya 17A kwa mbunge anayehama kwa hiari yake, kwa sababu huyo ndiye aliyevunja ahadi, na ni haki arudi kwa waliomtuma akawaombe upya. Siiungi mkono kwa mbunge anayefukuzwa, kwa kuwa mara nyingi anayefukuzwa ndiye aliyebaki na ahadi wakati viongozi wa chama wameiacha. Na ibara ya 17B naipinga yote. Aliyechaguliwa bila chama alichaguliwa hivyo na watu waliojua hivyo, na kumlazimisha avae sare ya chama baada ya uchaguzi ni kuwapa wapiga kura wake kitu ambacho hawakukiomba.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini na nakuheshimu, lakini hapo kwenye 17B sikubaliani nawe hata kidogo. Mbunge asiye na chama huko Vanuatu si lazima awe mtetezi wa kijiji chake. Mara nyingi yeye ndiye kura ya 27, na kura ya 27 ina bei.

Tukumbushane yaliyotokea mwaka 2014 na 2015. Moana Carcasses, akiwa upinzani na akitafuta kuiangusha serikali, aligawa vatu (fedha ya huko) milioni 35 kwa wabunge wenzake, zikaitwa mikopo. Mahakama iliziita rushwa, na Oktoba 2015 wabunge wengi wakatiwa hatiani kwa pamoja. Kilichofuata ni jambo ambalo mpaka leo nikilisoma nahisi uchungu kwa ajili ya watu wa nchi ile: Rais Baldwin Lonsdale alikuwa safarini, na Spika Marcellino Pipite, ambaye naye alikuwa miongoni mwa waliotiwa hatiani, alikuwa akikaimu nafasi yake. Akatia sahihi msamaha wa wabunge 14, na jina lake mwenyewe likiwamo. Rais aliporudi aliufuta msamaha ule, na kabla mwezi haujaisha wabunge 14 walikuwa gerezani.

Sasa niambie, ndugu yangu: kama kila mmoja wa waliopokea fedha zile angejua kwamba kukiacha chama chake ni kuacha na kiti, je, mkono wake ungenyooka upesi namna ile? Mnunuzi hununua kwa sababu muuzaji anabaki na duka lake. Ibara hizi zinalifunga duka, na kumwacha mgombea binafsi nje ya sheria ni kuacha dirisha wazi baada ya kutia komeo mlangoni.

Mchangiaji kutoka Dodoma

Wapendwa, mimi ni mwanasheria, na naona nyote wawili mnabishana juu ya moshi huku moto uko kwenye namna wabunge hawa wanavyopatikana. Majimbo mengi ya Vanuatu hutoa wabunge kadhaa kwa mpigo, lakini kila mpiga kura ana kura moja tu. Anapewa karatasi za wagombea, kila mgombea na karatasi yake yenye picha. Anachagua moja, anaitia katika bahasha, na bahasha inaingia sandukuni. Katika jimbo la namna hiyo mgombea hahitaji kuungwa mkono na kisiwa kizima. Ukoo wake, kanisa lake na vijiji viwili vitatu vya jirani vinatosha kumfikisha bungeni, na chama kwake ni nembo ya kuchapisha karibu na picha. Mtu aliyeingia kwa namna hiyo hana deni kwa chama chochote, na ibara ya katiba haiwezi kumtungia deni hilo.

Tazameni pia upande wa serikali. Katiba yao inaweka kikomo kwamba mawaziri, pamoja na Waziri Mkuu, wasizidi robo ya wabunge, maana yake ni viti 13 kati ya 52. Kila serikali inayoundwa inawaacha nje wengi wanaoamini kwamba walistahili kuwamo, na hoja ya kutokuwa na imani inaweza kuwasilishwa kwa sahihi za moja ya sita tu ya wabunge. Hamu ya uwaziri itabaki palepale hata vyama vikifungwa kwa minyororo.

Jirani zao wa Papua Guinea Mpya walikwisha pita njia hii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walitunga sheria ya kuwafunga wabunge kwenye vyama vyao, na ni kweli kwamba serikali ya Michael Somare iliyoingia mwaka 2002 ilidumu hadi uchaguzi wa 2007, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu uhuru wa 1975. Lakini mwaka 2010 Mahakama ya Juu ilivifuta vifungu vikuu vya sheria hiyo, ikisema vinamnyang'anya mbunge uhuru wake wa kupiga kura. Vanuatu wamelikwepa shimo hilo kwa kuiandika amri ndani ya katiba yenyewe, na hilo nawapongeza. Amri kuwa halali, hata hivyo, hakuifanyi iwe dawa.

Mchangiaji kutoka Kinondoni

Naomba niongeze la kwetu, kwa kuwa sisi Watanzania tumeishi na sheria ya namna hii kwa miaka mingi: mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini, ubunge wake umekwisha. Je, wamekoma kuhama? Kati ya mwaka 2017 na 2018 hapa Kinondoni, na vilevile Siha na Ukonga, wabunge wa upinzani walijiuzulu, wakahamia chama tawala, uchaguzi mdogo ukafanyika kwa fedha za umma, nao wakarudi kwenye viti vilevile. Kwa upande mwingine, Novemba 2020 wabunge 19 wa viti maalum walifukuzwa na chama chao, na bado waliendelea kuketi bungeni. Kwa hiyo nawauliza ndugu wa Mombasa na mleta mada: Vanuatu, atakayemwambia mbunge "toka" ni nani, na akikataa kutoka?

Mleta mada

Nawashukuru. Ndugu wa Mombasa, hoja yako juu ya mgombea binafsi imenigusa, na nakubali kwamba nilimchora mbunge huyo kwa wema kuliko anavyostahili. Lakini bado siridhiki kumlipisha mpiga kura kosa la mnunuzi. Rushwa ya 2015 ilishughulikiwa na waendesha mashtaka na jaji, kwa sheria zilizokuwapo tayari, bila 17A wala 17B.

Swali la ndugu wa Kinondoni ndilo linaloninyima raha, na yaliyotokea Samoa yananiongezea hofu. Januari 2025 chama cha FAST kilitangaza kumfukuza Waziri Mkuu wake mwenyewe, Fiame Naomi Mata'afa, baada ya yeye kumwondoa mwenyekiti wa chama katika baraza la mawaziri. Fiame alibaki na kiti chake, akaongoza serikali ya wachache, akazishinda hoja mbili za kutokuwa na imani, mpaka bajeti yake ilipokataliwa mwezi Mei na nchi ikaenda kwenye uchaguzi mwezi Agosti. Wasamoa waliamua wenyewe. Chini ya maneno ya 17A, barua moja ya chama ingeweza kumwondoa bungeni kiongozi wa serikali, na wapiga kura wa jimbo lake wangeisikia habari hiyo redioni.

Halafu kuna yaliyofuata Vanuatu kwenyewe. Novemba 2024, miezi sita tu baada ya kura ya maoni, hoja nyingine ya kutokuwa na imani ilikuwa tayari mezani, na Rais akalivunja bunge kwa ombi la baraza la mawaziri. Tarehe 17 Desemba tetemeko la kipimo cha 7.3 likaipiga Port Vila, mji mkuu, watu wakafa chini ya majengo, na nchi haikuwa na bunge la kuketi. Uchaguzi ukasogezwa kwa siku mbili hadi tarehe 16 Januari 2025, na Jotham Napat hakuchaguliwa kuwa Waziri Mkuu hadi tarehe 11 Februari.

Kwa hiyo naurekebisha msimamo wangu hivi: anayehama mwenyewe apoteze kiti, na anayefukuzwa akae mpaka mahakama iseme kwamba chama kilifuata katiba yake na kilikuwa na sababu ya haki. Ndugu mwanasheria, naomba utuambie kama jambo hilo linaweza kuandikwa kwa namna ambayo kesi haitadumu kuliko bunge lenyewe.