Mjadala: Vichwa vya shaba vya Yuanmingyuan vilichorwa na Mzungu. Je, China bado ina haki navyo?

Wadau, kuna hoja nimekutana nayo mara nyingi, tena kwa watu ninaowaheshimu kwa ujuzi wao wa sanaa: kwamba vile vichwa vya wanyama vilivyokuwa Yuanmingyuan, bustani ya wafalme pembeni mwa Beijing, si mali ya China kwa sababu aliyevibuni ni Mtaliano. Hoja hiyo naikataa. Naweka sababu zangu hapa, nanyi mzipime.

Kwa asiyevijua: katikati ya karne ya 18 mfalme Qianlong aliagiza ajengewe majumba ya mtindo wa Ulaya ndani ya bustani hiyo. Mbunifu alikuwa Giuseppe Castiglione, Mjesuiti wa Milano aliyefika China mwaka 1715 na kuwatumikia wafalme watatu hadi alipofariki Beijing mwaka 1766. Mitambo ya maji aliishughulikia Mjesuiti Mfaransa, Michel Benoist. Mbele ya jumba la Haiyantang palikuwa na bwawa, na pembeni yake wamekaa wanyama 12 wa kalenda ya Kichina: mwili wa binadamu aliyevaa joho, umechongwa kwa jiwe, na kichwa cha mnyama kilichosubiwa kwa shaba. Kila mmoja alirusha maji mdomoni kwa zamu ya saa mbili. Sungura alishika zamu saa 11 alfajiri mpaka saa 1 asubuhi, panya saa 5 usiku mpaka saa 7. Ikitimia saa 6 mchana, wote 12 walirusha kwa pamoja. Mfalme alijua saa kwa kutazama nani anatema maji.

Mtambo ni wa Ulaya, hesabu ya saa ni ya China, mafundi na gharama ni za ikulu ya Qing, ukoo wa Qianlong. Mimi sijaona kazi nyingine ambamo sanaa hizi mbili zimeingiliana kiasi hiki.

Oktoba 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliipora bustani hiyo, kisha Lord Elgin, mjumbe mkuu wa Uingereza, akaamuru ichomwe moto. Wanaomtetea husema Wachina walikuwa wamewakamata wajumbe wake na kuwatesa, na baadhi wakafa. Ni kweli walikufa, na ni jambo baya. Lakini uporaji ulitangulia amri ya kuchoma kwa siku kadhaa, na aliyejaza mfuko saa za dhahabu hakuwa analipia damu ya mtu.

Sasa niiweke hoja ya upande wa pili kwa nguvu zake zote, maana ina mtetezi mzito. Ai Weiwei, msanii wa China mwenyewe, amesema vichwa hivi si hazina ya taifa: vilibuniwa na Mtaliano, kwa ajili ya mfalme wa Kimanchu ambaye ukoo wake uliitwaa China kwa vita. Alivitengeneza upya kwa ukubwa mwaka 2010 akavizungusha duniani, kusudi watu waulize kipi ni asili na kipi ni nakala. Ni swali halali. Ila halijibu kitu kilitokaje mikononi mwa mwenyewe. Fort Jesus ya Mombasa ilichorwa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, ujenzi ukaanza mwaka 1593 kwa ajili ya Wareno. Leo akitokea mtu ameng'oa lango lake akalipeleka mnadani Paris, nani kati yetu atakubali kuambiwa kwamba mchoraji hakuwa mtu wa Pwani?

Wapo pia wa upande wangu wanaozidisha. Wanasema kila Mzungu aliyetengeneza pambo la mtindo wa Kichina ni mwizi. Hapo tunaachana. Mfalme Kangxi, babu yake Qianlong, alipoona enameli za kuchorwa za Ulaya (rangi za unga wa kioo zinazochomwa juu ya chuma au kaure) alizitamani, akataka karakana zake zijifunze, na mwaka 1719 akaletwa fundi Mfaransa, Jean-Baptiste Gravereau. Ile rangi ya waridi inayopatikana kwa kutumia dhahabu, iliyopamba kaure nyingi sana za China zilizouzwa Ulaya karne ya 18, ilitokana na ujuzi wa Ulaya. Wanunuzi wa Ulaya waliipenda kama rangi ya Kichina! Upande wa pili, padri François Xavier d'Entrecolles aliandika barua mbili juu ya Jingdezhen, mji wa kaure wa China, 1712 na 1722, akieleza hatua kwa hatua jinsi kaure inavyotengenezwa huko. Miaka ya mwisho ya 1860 sonara Alexis Falize wa Paris alitoa vito vya enameli iliyotengwa kwa vijiwaya vya dhahabu, akifuata mifano ya China na Japani. Jicho lilijifunza, mkono ukafanya. Ukipiga marufuku hilo, usonara wote umekufa.

Kinachonisumbua kweli ni kilichopo katikati. Mwaka 1928 Cartier, masonara wa Paris, walitengeneza saa ya mezani juu ya tembo wa jiwe la jedi, kazi ya China ya karne ya 18. Mikono ya saa ile inaonekana kuelea ndani ya kioo bila kushikwa na kitu. Tembo alikuwa kazi kamili kabla hajafika Paris. Akageuzwa kuwa kikalio cha saa. Je, huo ni ubunifu au uharibifu? Mimi nauita ubunifu, mradi kitu kilinunuliwa kihalali, na nina sababu ya karibu: wazee wetu wa Kunduchi na Mambrui walinunua bakuli za China wakazipachika kwenye nguzo za makaburi. Bakuli lile halikuwa la kulia tena, lakini hakuna aliyeporwa.

Turudi kwenye vichwa. Mwaka 2000 kampuni ya serikali ya China, Poly, ilinunua ng'ombe, tumbili na chui milia kwenye minada ya Hong Kong. Mwaka 2007 Stanley Ho, tajiri wa Macau, alilipa dola milioni 69.1 za Hong Kong kwa farasi, kisha akamtoa zawadi. Februari 2009 panya na sungura wakanadiwa Paris kutoka mkusanyiko wa mbunifu wa mavazi Yves Saint Laurent na mwenzake Pierre Bergé. Mchina Cai Mingchao akashinda kwa simu, halafu akakataa kulipa. Wengi walimlaani kwa kuvuruga mnada. Mimi namwelewa, kwa sababu kila malipo yalimfundisha mwenye kichwa kingine asubiri bei ipande. Mwaka 2013 familia ya Pinault, wenye Christie's, nyumba iliyoendesha mnada ule, wakawarudisha wote wawili bure. Hadi sasa vimerudi saba, ukihesabu na cha nguruwe. Cha joka hakijarudi, na vya nyoka, kondoo, jogoo na mbwa havijulikani viliko.

Basi naomba tujibizane juu ya hili hasa: kesho akijitokeza mtu na kichwa cha jogoo, alichorithi kwa babu yake bila yeye kuiba chochote, alipwe au asilipwe? Mimi nasema alipwe nauli na bima ya kukisafirisha, basi. Anayesema alipwe bei ya mnada atuambie pesa hiyo ni malipo ya kitu gani.