Ngome, bustani na makumbusho karibu na Ziwa Biwa, Japani: nianzie wapi?

MamaPasiansi

Wadau, habari za jioni. Niko Mwanza, kazi yangu ni kupima maji ya ziwa. Novemba naenda Japani kwenye mafunzo ya mazingira ya maziwa, tutakaa Kusatsu, mkoa wa Shiga, pembeni ya Ziwa Biwa. Siku za kazi ni darasani na maabara. Jumamosi nasali, mimi ni Msabato, kwa hiyo zinabaki Jumapili na Jumatatu moja ambayo wenyeji wana sikukuu.

Ngome za Kijapani nimezitamani tangu nikiwa sekondari, na bustani zao pia. Makumbusho ndiyo usiseme. Mgeni wangu akifika Mwanza nampeleka kwanza Bujora, akaone ngoma za watemi wa Kisukuma, ndipo twende kula sato.

Sasa kila ninayemuuliza ananitajia mji wake: Kyoto, Osaka, Himeji, Okayama. Sitaki kupita mbio mbio nikipiga picha getini na kuondoka. Nishaurini: ngome ipi, bustani ipi, makumbusho yapi? Magoti hayapendi ngazi ndefu, ila nikipewa muda napanda.

Mdau wa Nyegezi

Mama, nenda Osaka. Ngome kubwa, inafikika kirahisi, na kwa ajili ya magoti yako kuna lifti. Ndani ghorofa karibu zote ni makumbusho ya Toyotomi Hideyoshi, yule aliyeanza kuijenga 1583. Ukifika juu unaona jiji pande zote. Siku moja inatosha kabisa na jioni unarudi Kusatsu.

MtotoWaUkerewe

Shikamoo mama. Mimi nimezaliwa Ukerewe na nikasoma Hikone, mji ulioko upande wa mashariki wa hilo hilo Ziwa Biwa, kwa hiyo nina upendeleo na sitauficha. Jumapili yako ya kwanza iwe ya Hikone. Kutoka Kusatsu ni treni moja tu, kama dakika arobaini, na vyote vitatu unavyovitaka viko sehemu moja, unatembea kwa miguu.

Kaka wa Nyegezi amesema kweli kuhusu lifti, ila mnara wa Osaka unaosimama leo ni wa zege, ulijengwa 1931. Kwa historia ya Hideyoshi ni mahali pazuri. Lakini mtu aliyeitamani ngome tangu sekondari anastahili kugusa mbao zenyewe. Ngome ya Hikone ilijengwa na ukoo wa Ii na ikakamilika 1622. Japani nzima imebakiwa na minara 12 tu ya asili, na mitano kati yake ndiyo hazina ya taifa: Himeji, Matsumoto, Inuyama, Matsue na huu wa Hikone. Utawala wa mashogun, watawala wa kijeshi, ulipoanguka, ngome nyingi zilibomolewa. Hii nayo ilikuwa ibomolewe, ikanusurika 1878 Mfalme Meiji alipopita mkoa ule na kuagiza itunzwe.

Mlangoni unavua viatu na kuvibeba kwenye mfuko, basi vaa soksi nzito, sakafu ya mbao Novemba ni baridi. Ngazi ni kali, zimesimama kama ngazi ya kupandia darini. Panda taratibu, shika pembeni, na wakati wa kushuka geuka uso uelekee ngazi. Ukiwa ndani angalia kuta: kuna matundu ya kupigia mishale na bunduki, ila kwa nje yamefunikwa na lipu ili adui asijue yalipo. Mimi hapo nilikuwa nasimama muda mrefu kuliko kwenye kitu kingine chochote mle ndani. Mtu alikaa akafikiria mpaka lipu.

Juu kabisa, dirisha la upande wa ziwa. Sisi tumezoea ziwa ambalo ng'ambo yake haionekani. Pale unaiona milima ya upande wa pili. Lina kilomita za mraba kama 670, letu linalizidi mara mia. Lakini kwa kina linatushinda: linapita mita 100, na Viktoria halifiki 90. Hilo wewe mpima maji utalielewa kuliko mimi.

Ukishuka, usikimbilie stesheni. Chini ya kilima kuna bustani ya Genkyuen, ilianzishwa 1677 na Ii Naooki, bwana wa nne wa ngome. Tiketi ya ngome inaingiza na huko. Ni bwawa kubwa lenye visiwa na madaraja, na waliipanga ili ukisimama mahali sahihi mnara ulioko juu ya kilima uonekane kama sehemu ya bustani yenyewe. Wajapani wana ufundi huo, kitu cha mbali wanakiingiza bustanini bila kukigusa. Kuna kibanda cha chai kando ya bwawa, kinaitwa Hoshodai. Agiza chai yao ya kijani ya unga, inakuja na kitamu kidogo, ukae chini utazame. Novemba majani yanageuka mekundu na maji yanayarudisha. Ukinisikiliza kwa jambo moja tu, liwe hili: hapo kaa saa nzima.

Makumbusho ya ngome yako chini, karibu na lango, na yana tiketi yake. Jengo ni ofisi na makazi ya mabwana wa Ii, yalijengwa upya 1987 kwa kufuata ramani ya zamani. Utakuta deraya nyekundu, maana jeshi la Ii lote lilivaa nyekundu, mavazi ya maigizo ya Noh na vyombo vya chai. Msome Ii Naosuke. Ndiye aliyeidhinisha mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1858, wapinzani wake wakamuua nje ya lango la ngome ya Edo, Tokyo ya leo, mwaka 1860. Na mtu huyo huyo alikuwa bingwa wa chai. Mkuu wa serikali aliyekufa kwa upanga, na hapo mbele yako kuna bakuli zake.

BintiKirumba

Shikamoo mama. Naungana na mtoto wa Ukerewe, ila Himeji usiiache. Kutoka Kusatsu kuna treni za haraka zinazofika bila kubadilisha, ni mwendo wa karibu saa mbili. Mnara mkuu ulikamilika 1609, mweupe wote, na ulipona mabomu ya 1945 yaliyoteketeza mji uliouzunguka. Ni mrefu kuliko wa Hikone, ngazi nyingi zaidi, hivyo wahi asubuhi. Pembeni yake ipo Koko-en, bustani tisa zilizotenganishwa kwa kuta. Ni mpya, ilifunguliwa 1992, lakini imekaa juu ya viwanja vya nyumba za samurai na usipoambiwa hutajua.

Kama una hamu ya makumbusho makubwa, kuna Miho, milimani huko huko Shiga. Lilichorwa na I. M. Pei, likafunguliwa 1997. Unapita kwenye handaki, halafu daraja, ndipo unaliona jengo, na sehemu kubwa iko chini ya ardhi ili mlima ubaki mlima. Halifunguki mwaka mzima, hakikisha tarehe na uweke nafasi mapema.

MamaPasiansi

Marahaba wanangu, mmenifungua macho. Maswali mawili. Ile Jumatatu nisikute milango imefungwa, maana nasikia makumbusho yao hufungwa Jumatatu. La pili, chakula: nguruwe sili, na samaki asiye na magamba sili.

MtotoWaUkerewe

Ni kweli mengi hufungwa Jumatatu, ila Jumatatu ikiwa sikukuu kwa kawaida hufungua na kupumzika kesho yake. Ngome ya Hikone haina shida hiyo, iko wazi mwaka mzima. Kinachonisumbua zaidi kwa niaba yako ni jua. Novemba kule linazama saa kumi na moja jioni hivi, wakati Mwanza bado watu wanaanika dagaa. Ngome na bustani nyingi hufunga saa kumi na moja, na kuingia mwisho ni nusu saa hadi saa nzima kabla. Kwa hiyo ondoka Kusatsu asubuhi na mapema, bustani isije ikakupita.

Jumatatu hiyo ya sikukuu ningeitunzia Makumbusho ya Ziwa Biwa. Yako Kusatsu, basi linatoka stesheni, na yalifunguliwa 1996. Kuna samaki hai, mashua za mbao za zamani na maisha ya watu wa ziwani. Watakusimulia mwaka 1977, mwani ulipolifanya ziwa kuwa jekundu, na akina mama wa Shiga wakaacha sabuni za unga zenye fosfeti mpaka mkoa ukatunga sheria. Wana mgeni wao pia, kama sisi na sangara: samaki wa Marekani anaitwa bass, anakula wenyeji. Mvuvi akimnasa haruhusiwi kumrudisha majini, na ufukweni wameweka masanduku ya kumtumbukiza. Piga picha, uwaletee watu wa soko la samaki la Mwaloni.

Kuhusu chakula, mchuzi wa tambi za ramen mara nyingi ni wa mifupa ya nguruwe, uliza kabla. Mkunga usimguse, wanampenda sana wa kuchoma juu ya wali, na hana magamba kwa hesabu yenu. Ila funa, samaki wa jamii ya carp, ana magamba, na Shiga wanamchachusha na wali na chumvi kwa miezi mingi. Wanaita funazushi. Harufu yake ni kali na wengi hukimbia. Wewe umekulia jirani na dagaa, kula kipande chembamba na wali wa moto.

MamaPasiansi

Basi Hikone Jumapili ya kwanza, treni ya saa moja na nusu. Himeji inayofuata, Jumatatu ya sikukuu makumbusho ya ziwa. Miho nitawauliza wenyeji wetu kama iko wazi wiki hizo. Osaka, kaka wa Nyegezi, nikibakiwa na Jumapili nitapanda hiyo lifti.