Naomba ushauri: tuandike mwaka gani kwenye kaburi la mama?

Hamjambo wapendwa. Mwezi ujao mama anatimiza mwaka mmoja tangu atuache, na tunataka kumjengea kaburi pale Lang'ata. Shida ni mwaka wa kuzaliwa. Kitambulisho kinasema 1954, ila yeye aliwasimulia wajukuu kwamba hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 alikuwa ameshaanza kutambaa. Kaka mkubwa anashikilia kitambulisho. Mimi naamini mdomo wake, maana miaka 30 aliuza mitumba Gikomba bila daftari na hakusahau deni la mtu hata siku moja (langu pia!). Wajukuu wanataka liandikwe "Shosho" tu, basi. Mliopitia haya mliamuaje? Na fundi anadai pesa yote kabla ya kuanza kazi, ni kawaida?