Maganda mazima ya mayai kwa mapambo: yanapasuka, na baadaye yananuka. Naomba ushauri

RangiNaBrashi
Wakuu, salaam. Nahitaji maganda mazima 24 ya mayai ya kuku, ya kupaka rangi na kuning'iniza. Natoboa kwa sindano ya kushonea juu na chini, matundu ya kama milimita 1, kisha napuliza kwa mdomo. Mengine yanapata ufa kwenye tundu. Kiini nacho kinaziba njia. Linaloniumiza zaidi ni kwamba yaliyokwisha pakwa rangi yanaanza kunuka baada ya wiki mbili hivi. Nakosea wapi?

FundiGanda
Tuanze na ufa. Ganda la kuku lina unene wa milimita 0.3 hadi 0.4 tu, na wewe unalisukuma badala ya kulikata. Bandika kipande cha selotepu unapotaka kutoboa, chukua pini nene au ncha ya kisu cha kukatia karatasi, uizungushe taratibu kama mtu anayetumia kekee. Ikishapenya, panua tundu kwa kumega kingo kidogo kidogo. Tundu la upande wa yai uliochongoka liwe milimita 2, la upande mnene 4 au 5. Milimita 1 haitoshi kabisa, hata upulize hadi kesho.

Kiini kina utando wake, na usipopasuka kitaziba tu. Nyoosha klipu ya karatasi, ingiza, koroga mpaka kiini kichanganyike na ute. Mayai ya friji yakae nje saa kadhaa kwanza, kwa sababu ute wa baridi ni mzito. Yai la wiki moja au mbili hutoka kirahisi kuliko lililotagwa leo, maana ute huzidi kuwa mwepesi kadiri siku zinavyopita. Na kabla ya kutoboa lolote, limulike kwa tochi gizani. Lenye ufa liende jikoni.

BombaMoja
Naongeza: acha kupuliza kwa mdomo. Ganda linaweza kuwa na salmonela. Osha mayai kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha tumia bomba la sindano la mililita 10. Kwa njia hii tundu moja linatosha, milimita 4 upande mnene. Elekeza tundu chini, ingiza ncha, sukuma hewa mililita 2 au 3 kwa mara moja. Ncha isizibe tundu lote! Vilivyomo vikikosa pa kutokea, presha inapasua ganda mkononi mwako. Ute na kiini vipite kwenye chujio, vipikwe siku hiyohiyo hadi viive kabisa.

FundiGanda
Sikatai tundu moja, ila kwa anayeanza matundu mawili husuuzika vizuri zaidi. Na kusuuza ndiko kwenye jibu la harufu. Kinachonuka ni ute uliobaki umegandamana na utando wa ndani, ukaoza chini ya rangi. Vuta maji ya sabuni kwa bomba, jaza ganda nusu, ziba kwa vidole, tikisa, mwaga. Rudia mpaka maji yatoke meupe bila utelezi.

Halafu jiki (ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo) sehemu 1 kwa maji sehemu 10. Lijaze kwa bomba, maana ganda tupu huelea na ukilitumbukiza tu dawa haiingii. Dakika 30, kisha suuza mara tatu. Maganda ya kahawia yanaweza kupauka, kwa hiyo jaribu moja kwanza. Simamisha kwenye trei tundu likitazama chini siku mbili, au oveni ya nyuzi 100 kwa dakika 15, ukiyaweka kabla oveni haijapata moto. Yai la gramu 60 likiwa tupu na kavu hubaki na gramu 6 hivi. Likizidi hapo sana, bado lina maji, usipake rangi.

RangiNaBrashi
Shukrani sana. Je, siki haifai badala ya jiki?

BombaMoja
Hapana. Ganda ni kalsiamu kaboneti na siki inaliyeyusha, ndiyo maana unaona mapovu. Kijiko kimoja kwenye kikombe cha rangi ya kulowekea ni sawa, kinasaidia rangi kushika. Lakini siki na jiki visikutane kamwe: hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

NakshiTupu
Ukitaka kuchonga nakshi, utando wote uondoke, la sivyo vipande hubaki vinaning'inia. Jiki na maji nusu kwa nusu, ukikagua kila dakika 10, ukivaa glavu. Ganda la bata au bata bukini huvumilia zaidi kuliko la kuku. Ukichonga kwa drili vaa barakoa, vumbi lake si la kuvuta. Kwa kupaka rangi tu, acha utando ulivyo, unashikilia ganda lisisambaratike.

RangiNaBrashi
Na kuning'iniza, uzi unashikaje?

NakshiTupu
Kata nusu ya njiti ya kibiriti, funga uzi katikati yake, uipitishe wima kwenye tundu la juu. Ukivuta uzi, njiti inalala na kukwama kwa ndani. Weka tone la gundi nyeupe kwenye tundu, uache saa moja kabla ya kulining'iniza.